Nyuki wa Liti na Nyuki wa Tanga



Mara nyingi Ligi Kuu ya soka ilipofika mjini Singida, mtangazaji wa michezo hufungua kipaza sauti na kuwaambieni kwamba anazungumza nanyi kutoka Uwanja wa Liti. Zamani uwanja huo ulikuwa ukiitwa Namfua. Jina limebadilika, masikio yamelizoea, na mpira unaendelea. Juzi nilitoa mtihani mdogo hapa ofisini kwetu. Niliwauliza vijana sita, wote wenye elimu yao nzuri, Liti ni nani. Mmoja alidhani ni herufi za mwanzo za jina la kampuni fulani iliyotoa fedha za ukarabati. Wa pili akasema ni mlima. Wa tatu alikuwa akitazama simu yake. Aliyepata ni mmoja tu, naye ni mzaliwa wa Ikungi, kwa hiyo simhesabu.

Liti alikuwa mwanamke. Alikuwa Mnyaturu, na aliishi katika miaka ile Wajerumani walipokuwa wakiingia Unyaturu na bunduki, mwanzoni mwa karne ya 20. Wengi humwita Liti Kidanka. Katika maandishi ya watafiti utamkuta pia kwa jina la Leti. Aliwapinga Wajerumani kwa silaha, nao wakamwua. Hayo yote nitayarudia polepole, lakini kwanza nieleze kwa nini nimemleta Liti hewani wiki hii.

Msikilizaji mmoja wa Kariakoo ameniandikia barua. Alisikia kipindi kuhusu uhuru wa India, akapendezwa sana na habari za Gandhi, kufunga kwake kula na kutembea kwake kwenda baharini kuchota chumvi. Sasa ananiuliza hivi: Wahindi walipata uhuru kwa kukaa chini na kukataa, sisi tuliupata kwa hotuba za TANU na kura, je, kuna mtu yeyote aliyepigana, au sote tulipewa tu? Barua yake ni ya heshima, lakini neno hilo "kupewa" lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Nianze na hao Wahindi, maana hata wao hawakukaa chini siku zote. Mnamo Mei 10, 1857 askari wa Kihindi waliokuwa wakiwatumikia Waingereza katika mji wa Meerut waligeuza bunduki zao, na moto ukaenea kaskazini yote ya India. Waingereza wakaandika kwamba ule ulikuwa uasi wa askari wakorofi. Wahindi wengi wanaiita vita yao ya kwanza ya uhuru. Katika vita hiyo alikuwamo Malkia wa Jhansi, Lakshmibai, mjane kijana ambaye nchi yake Waingereza walikuwa wameinyakua kwa kisingizio kwamba mumewe hakuacha mtoto wa kumzaa. Aliuawa Juni 1858 karibu na Gwalior, akiwa juu ya farasi. Wakati huo Gandhi alikuwa hajazaliwa.

Miaka ilipopita wakaja wengine. Chama cha Ghadar kilianzishwa mwaka 1913 na Wahindi waliokuwa vibarua na wanafunzi Marekani, na gazeti lake lilisafiri kwa siri hadi kila walikokuwako Wahindi, hata huku Afrika Mashariki. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliwaua Wahindi kadhaa nchini Kenya kwa kosa la kukutwa na maandishi ya chama hicho. Bhagat Singh na wenzake wawili walinyongwa Lahore Machi 23, 1931. Subhas Chandra Bose alitangaza serikali ya muda ya India huru akiwa Singapore mnamo Oktoba 1943, akaongoza jeshi lililosaidiwa na Wajapani, na ndani ya jeshi hilo akaunda kikosi cha wanawake watupu. Kikosi hicho kilipewa jina la Malkia wa Jhansi. Wengi katika wasichana hao walikuwa wamezaliwa Malaya, watoto wa vibarua wa mashamba ya mpira, na India hawakuwa wameiona kwa macho yao. Lakini jina la mwanamke aliyekufa miaka 85 kabla yao walilijua.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Liti.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Mungaa kwa kazi nyingine kabisa. Nilitumwa kuandaa kipindi cha alizeti. Anayeijua sehemu ile ya Singida anajua ilivyo: ardhi kavu ya rangi ya kutu, majabali makubwa yaliyokaa juu ya mengine kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga akaondoka, mtama na uwele katika mashamba, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini, magogo yaliyochongwa ndani yakawa matupu. Asali ya Singida mnaijua, maana mabasi yakisimama pale stendi huuzwa dirishani. Jioni, kazi ya alizeti ilipokwisha, nilikaa na wazee wawili na bibi mmoja, nikawauliza juu ya Liti. Nilitegemea kuambiwa neno moja mawili. Tulikaa mpaka kuku wakalala.

Walichonisimulia ndicho kinachosimuliwa Singida nzima. Wajerumani walikuja wakitaka kodi na wakitaka watu wa kufanya kazi. Liti alikataa, akawakusanya watu. Hakuwa na bunduki za kutosha kupambana na askari wa Kijerumani, ila alikuwa na nyuki. Askari walipokaribia aliwaachia nyuki, nao wakatawanyika hovyo, wengine wakitupa silaha. Hilo halikutokea mara moja. Mwishowe Wajerumani walirudi wakiwa wamejipanga vizuri zaidi, wakamwua. Jinsi alivyouawa, kila msimulizi ana njia yake, na sitaki kuchagua mmoja nikawaacha wengine.

Sasa najua wako wasikilizaji wanaotabasamu hivi sasa. Nyuki! Mzungu ana bombomu inayotema risasi mia kadhaa kwa dakika, wewe unamletea nyuki. Mimi mwenyewe nilitabasamu, na mzee mmoja akaniona. Akaniambia, "Wewe mwanangu, umewahi kufukuzwa na nyuki?" Nikamjibu, "Hapana, babu." Akasema, "Basi ngoja." Halafu akanieleza jambo ambalo wataalamu wa wadudu nao wanalieleza vilevile: nyuki mmoja akikuchoma, mwiba wake hubaki na harufu, na harufu hiyo huwaita wenzake waje pale pale. Ukikimbia wanakufuata. Ukijipiga makofi unazidisha. Askari aliyebeba bunduki, mkanda wa risasi na mzigo mgongoni, katika jua la Unyaturu, hawezi kumpiga nyuki risasi.

Niliporudi nikasoma upya habari za vita vya Tanga. Mnamo Novemba 2, 1914 meli za Waingereza zilifika Tanga zikiwa zimebeba wanajeshi wapatao 8,000, wengi wao Wahindi walioletwa kutoka Bombay. Mjerumani von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu kama 1,000 tu, na wengi wao walikuwa askari weusi. Kwa hesabu za kawaida Tanga ilikuwa imekwisha kutekwa. Lakini risasi zilipoanza kupita katika miti, zikagonga masega na mizinga, na nyuki wakatoka kwa hasira. Wakawachoma wote, Wajerumani na Waingereza, ila vikosi vilivyokuwa vikishambulia viliumia vibaya mahali pabaya. Baadhi ya Waingereza waliamini kwamba Wajerumani walikuwa wamewatega nyuki kwa makusudi. Tarehe 5 jeshi lote lilikwisha kurudi melini, na mizigo mingi na bunduki za mashine zikaachwa ufukoni. Vita hiyo mpaka leo vitabuni huitwa vita ya nyuki.

Waingereza walishindwa kwa sababu nyingi, na nyuki ni sababu moja tu. Siwezi kuwapa nyuki nishani yote. Lakini nawaombeni mlinganishe mambo mawili. Nyuki wakiwachoma maofisa wa Kiingereza Tanga, hiyo ni historia, imo katika vitabu vya kijeshi, na hakuna anayecheka. Nyuki wakiwachoma askari wa Kijerumani Unyaturu miaka michache kabla ya hapo, hizo ni ngano za bibi kando ya moto. Kwa nini? Tofauti ninayoiona mimi ni moja: kule Tanga walikuwapo watu wenye kalamu pande zote mbili.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa maji ya Kinjekitile wa Ngarambe. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba babu zetu waliamini risasi zitageuka maji, tukaishia hapo, tukatikisa kichwa. Kinjekitile alinyongwa Mohoro Agosti 4, 1905, wiki chache tu baada ya vita kuanza Umatumbi. Vita havikufa pamoja naye. Viliendelea mpaka 1907, katika makabila ambayo yalikuwa hayajawahi kupigana upande mmoja, na watu waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa kwa makusudi kwa kuchoma mashamba na maghala, hukadiriwa na wanahistoria wengine kufikia 300,000. Mtu hapigani miaka miwili kwa sababu ya chupa ya maji. Anapigana kwa sababu ya kile kilichomfanya ayatafute hayo maji.

Kilichowakuta Wanyaturu ni kile kile. Wajerumani walikuwa wamejenga boma la kijeshi Kilimatinde, juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, katika Manyoni ya leo, na kutoka huko walitaka kuitawala nchi yote ya Ugogo na Unyaturu. Amri ya kodi ya nyumba ilitolewa mwaka 1897, na mtu wa kijijini alitakiwa alipe rupia 3 kwa nyumba. Rupia hizo, kama jina linavyoonyesha, asili yake ni India. Wajerumani walipiga za kwao kwa mfano wa zile zilizokuwa zikitumika Pwani. Baadaye, mwaka 1904, wakazigawa kwa heller 100, na ndilo neno "hela" tunalogombania mpaka leo. Mnyaturu alikuwa na ng'ombe, mbuzi, mtama na asali. Rupia hakuwa nayo. Ili aipate ilimbidi auze ng'ombe kwa bei ya mtu mwingine au akafanye kazi kwa mtu mwingine. Asiyelipa alijiwa na askari.

Na hao askari walikuwa nani? Hapa naomba tusikwepe. Mjerumani kwa ngozi yake alikuwa mmoja au wawili mbele ya msafara. Waliobaki walikuwa Wasudani, Wamanyema, Wanyamwezi, Wasukuma, na watu wengine wa huku huku kwetu waliolipwa mshahara. Waliochomwa na nyuki wa Liti, na waliompiga risasi Liti, wengi wao walikuwa weusi. Kwa upande huo tunafanana na Wahindi kuliko tunavyopenda kukubali. Jeshi lililozima vita ya 1857 lilikuwa na Wahindi wengi ndani yake. Na mwaka 1944, wakati wale wasichana wa Kikosi cha Malkia wa Jhansi walipokuwa Burma, askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya na Uganda walikuwa wakipita katika matope ya bonde la Kabaw kupigana kwa niaba ya Mfalme wa Uingereza. Sisemi walikutana uso kwa uso. Nasema tu kwamba babu aliyerudi kutoka Burma na medali yake, na bibi aliyesimulia habari za Liti, wanaweza kuwa walikaa nyumba moja ya tembe na kula sahani moja.

Kuna jambo jingine dogo linalonisumbua. Siku hizi Liti anaitwa Malkia. Naelewa nia, ni heshima. Lakini waliochunguza mila za Wanyaturu wanaeleza kwamba zamani hawakuwa na mfalme wala malkia wa kabila zima. Waliishi kwa koo, na mtu alisikilizwa kwa sababu ya mvua, ya dawa, ya maneno yake, au ya watu waliomwamini. Watemi wa serikali walikuja na serikali. Wanawake nao walikuwa na mila zao za siri ambamo mwanamume haingii. Kwa hiyo kumvika Liti taji ni kumpunguzia. Malkia hutii watu amri kwa sababu ya kiti. Liti hakuwa na kiti, na bado watu walimfuata kwenye risasi. Huo ni uwezo wa namna nyingine, na ndio uliowatia Wajerumani wasiwasi, maana mtemi unaweza kumwita bomani ukampa kofia na mshahara. Mwanamke kama yule utampa nini?

Wala hakuwa peke yake. Nduna Mkomanile wa Wangoni alinyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na wanaume. Mekatilili wa Menza aliwainua Wagiriama mwaka 1913, Waingereza wakampeleka Kisii, mwisho mwingine wa Kenya, naye akatoroka akarudi kwao. Muhumusa aliwasumbua Wazungu katika mpaka wa Rwanda na Uganda mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1911, wakamzuia Kampala hadi alipofariki 1945. Na Singida je, iliandikwa habari gani duniani? Katika miaka ya 1940 magazeti ya Kiingereza yalijaa habari za "watu-simba" wa Singida. Hizo zilipata wino.

Nimrudie sasa ndugu yangu wa Kariakoo. Desemba 1956 Mwalimu Nyerere alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York, na katika maelezo yake hakuanza na kuzaliwa kwa TANU mwaka 1954. Alianza na vita dhidi ya Wajerumani. Aliwaambia kwamba watu wa Tanganyika walipigana kwa sababu hawakukubali kwamba Mzungu ana haki ya kuwatawala na kuwastaarabisha, na kwamba kazi ya chama chake haikuwa kuianzisha roho hiyo ya kukataa. Roho ilikuwapo. Kazi ilikuwa kuisemea, na kuionyesha njia mpya isiyo ya kumwaga damu. Kwa maneno mengine, Mwalimu hakuwatenga waliopigana na waliohutubia. Na huko India, Waingereza walipokuwa wakifunga mizigo kabla ya Agosti 15, 1947, walikuwa na kumbukumbu ya Gandhi, ndiyo, lakini pia ya mabaharia wa Kihindi wa jeshi lao wenyewe waliogoma Bombay Februari 1946. Serikali ya kikoloni hukaa mezani na mtu mpole ikiwa inamjua ndugu yake mkali. Kwa hiyo, bwana, hatukupewa.

Lakini barua yako ina haki kwa upande mmoja, nao ndio unaoniuma zaidi. Mkwawa tunamjua: Lugalo 1891, kifo chake 1898, fuvu lake lililotajwa hata katika Mkataba wa Versailles na kurudishwa Kalenga mwaka 1954. Mangi Meli aliyenyongwa Machi 1900 wajukuu zake wamekuwa wakimtafuta kichwa chake Ujerumani kwa miaka mingi. Novemba 1, 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alifika Songea akaomba msamaha kwa waliyotendewa watu wa Maji Maji. Hayo yamewezekana kwa sababu wapo watu waliokuwa na majina, tarehe na makaburi ya kuonyesha. Mgeni kama huyo akitaka kwenda Mungaa kesho, tutamwonyesha nini? Uwanja wa mpira?

Mtafiti mmoja, Marguerite Jellicoe, alichapisha makala kuhusu upinzani wa Wanyaturu mwaka 1969 katika jarida la Tanzania Notes and Records. Imeandikwa kwa Kiingereza, na mkulima wa Mungaa haijui. Hebu tufanye hesabu. Mtu aliyezaliwa mwaka 1895 alikuwa kijana wakati wa Liti, na mwaka 1965 alikuwa na miaka 70. Huyo aliona kwa macho, na wakati makala ile inaandikwa wenzake wa umri wake walikuwa bado wamo vijijini, wakiota jua. Leo hayupo hata mmoja. Waliobaki ni waliosikia kutoka kwao wakiwa watoto, na hao nao sasa wana miaka themanini na zaidi. Bibi niliyekaa naye Mungaa amekwisha fariki. Ninayo sauti yake dakika kumi na moja, kwa sababu kanda yangu iliyobaki ilikuwa imejaa bei za alizeti.

Kwa hiyo, wasikilizaji wa Singida, na ninyi wa Singida mnaoishi Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, mna simu mfukoni zinazorekodi vizuri kuliko mashine niliyoanzia kazi. Likizo ijayo mkienda nyumbani, kaeni na wazee mwarekodi kwa Kinyaturu chao, msiwalazimishe Kiswahili. Msiwakatize. Andikeni jina la msemaji, kijiji chake na aliyemsimulia. Nakala moja ibaki kwenu, moja leteni hapa redioni, moja ipelekwe Nyaraka za Taifa. Na kama hamjui pa kuanzia, waulizeni kwanza hivi: mizinga ya Liti ilikuwa imetundikwa wapi, katika miti gani, na askari walitokea upande upi.